Napi hazikauki: ddumbi ya kwanza na mtoto mdogo Kampala

Kwenye vitabu vilivyotafsiriwa, vuli ni majira ya majani kupukutika huko Ulaya. Kwa watu wa Pwani, vuli ni mvua ya mwisho wa mwaka. Sisi wa Kampala, hata tunaoongea Kiswahili nyumbani, tunaiita kwa Kiganda: ddumbi, mvua ya pili, inayofungua Septemba na kukata Desemba, baada ya ttoggo ya Machi hadi Mei. Majani hapa hayapukutiki. Kinachobadilika ni godoro, unga, makaa, kamba ya nguo na kifua cha mtoto.

Ddumbi yangu ya kwanza kama mama ilinikuta na mtoto wa miezi mitano na mwingine wa chekechea, kwenye muzigo, yaani chumba cha kupanga kilichogawanywa kwa pazia, bondeni upande wa Bwaise. Karibu makosa yangu yote yalitoka kwenye wazo moja: nilidhani adui ni baridi. Adui ni unyevu. Nilifunga madirisha, nikaingiza sigiri (jiko la makaa) ndani, nikamvika mtoto sweta juu ya sweta, na kila kimoja kati ya hivyo kilileta shida kubwa kuliko baridi yenyewe. Nayaandika haya kwa mama atakayeingia Septemba akiwa na mtoto mgongoni.

Kazi inaanza Agosti, jua likiwa bado kali. Cha kwanza ni makaa. Gunia zima Kampala linapita shilingi laki moja, na mvua ikishashika, barabara za vijijini zinageuka tope, malori yanachelewa na bei inapanda. Tangu Mei 2023, serikali ilipopiga marufuku biashara ya makaa yanayotoka kaskazini, hali haijawa nyepesi. Mimi nilisema nitanunua kwa kaveera, yaani mfuko wa plastiki, kidogo kidogo. Hesabu ikaja kuniumiza: gunia la elfu 120 lingenitosha wiki saba, lakini kaveera la elfu tatu na mia tano kila siku, kwa wiki hizo saba, lilikula 171,500. Elfu hamsini na zaidi zimekwenda hivi hivi, na makaa yenyewe yalikuwa mabichi kwa maji. Makaa yaliyolowa yanapasuka na kurusha cheche, yanatoa moshi mwingi, na nusu ya moto inaishia kuyakausha badala ya kupika. Ukinunua gunia, liweke juu ya matofali mawili au vipande vya mbao, lisiguse sakafu ya saruji wala ukuta. Saruji hunyonya maji kutoka chini hata kama hakuna tone lililoingia mlangoni.

Cha pili ni mukene. Samaki hawa wadogo wa ziwa Victoria ndio nyama ya mtoto wa mtu wa kipato cha kawaida, na wanakaushwa juani. Mvua ikinyesha hawakauki, wanaoza wakiwa wameanikwa. Ndiyo maana mukene wa Oktoba mara nyingi ni wa kahawia na wanauma ulimi kwa uchungu. Nunua Agosti wale wanaong'aa kama fedha, wanaokatika ukiwakunja, na ikiwezekana walioanikwa juu ya chanja, si mchangani. Wachambue, waoshe haraka, wakaange bila mafuta hadi wakauke kabisa, watwange, chekecha unga wake, uweke kwenye chupa yenye mfuniko unaobana. Kijiko kimoja kinaingia kwenye chakula cha mtoto, na chupa inakaa wiki kadhaa bila kuharibika mradi kijiko kikavu tu ndicho kinachoingia humo.

Septemba shule zinafungua muhula wa tatu, na hapo ndipo pochi inapopasuka: karo, sweta, mabuti ya mpira, na boda anayepandisha nauli wingu likionekana tu. Sina la kufundisha hapo isipokuwa moja: mabuti yanunuliwe makubwa kwa namba moja, ya kuvaliwa na soksi nene. Yanayobana yanachubua kisigino, na kidonda cha kisigino kwenye maji ya mtaro ni safari ya zahanati.

Sasa napi. Mtoto wa umri huo anatumia sita hadi nane kwa siku. Kiangazi, napi kumi na mbili zinatosha kwa sababu za asubuhi zimekauka saa nane. Kwenye ddumbi napi inaweza kuchukua siku mbili, hata tatu. Fanya hesabu ya nane mara tatu: ishirini na nne, chini ya hapo utajikuta unamfunga mtoto kanga. Si lazima ununue zote. Shuka kuukuu la pamba, lililofuliwa mpaka likalainika, linatoa vipande vingi vya sentimita sitini kwa sitini, na kitambaa chembamba kilichokunjwa mara mbili kinakauka upesi kuliko napi nene ya taulo yenye tabaka nyingi. Hilo la unene sikulijua. Nilinunua nene nikidhani ndizo bora, zikawa zinanuka uvundo kabla hazijakauka.

Kinyesi kiende chooni kwanza, napi isuuzwe kwa maji baridi (maji ya moto hugandisha doa), kisha ifuliwe kwa sabuni ya mche na maji ya moto, isuuzwe mara mbili. Sabuni iliyobaki kwenye kitambaa ndiyo inayochoma makalio ya mtoto, na watu wengi husingizia meno. Usitie dawa ya kulainisha nguo. Inapunguza uwezo wa kitambaa kunyonya. Kabla ya kuanika, ikunje ndani ya taulo kavu na uikamue pamoja na taulo hilo. Hatua hiyo moja inaokoa saa nyingi kambani. Funga kamba mbili barazani chini ya mabati, zikiachana angalau mkono mmoja, upepo upite. Nguo zikigusana hazikauki hata ukizikesha.

Usianike kwenye nyasi, wala uani kwenye kivuli chenye unyevu. Kuna yule inzi wa funza, anayeitwa inzi wa maembe, anayetaga mayai kwenye nguo mbichi na udongo uliolowa. Yai huanguliwa ndani ya siku moja hadi tatu, na funza anaingia kwenye ngozi anapopata joto la mwili. Kwa mtoto linaonekana kama jipu lenye tundu dogo katikati, kiunoni au mgongoni, pale penye mpira wa nguo. Piga pasi kila kitu, pande zote mbili, na ukazie kwenye mishono na mipira. Ikiwa yaka, umeme wa kulipia kabla, imeisha, pasi ya makaa inafanya kazi hiyo hiyo. Jipu likishatokea, usilikamue siku hiyo. Paka mafuta mazito ya mgando yafunike tundu. Funza anakosa hewa na kujitokeza, ndipo anatolewa mzima. Akikatikia ndani, kidonda kinatunga usaha. Kwa mtoto mchanga, mwachie muuguzi.

Kosa la sigiri nataka niliseme polepole.

Usiku wa mvua chumba kinakuwa na ubaridi, napi bado mbichi, na sigiri imebaki na makaa mekundu yasiyo na moshi wowote. Inaonekana ni neema. Unaiingiza ndani, unatandaza napi kwenye kiti karibu yake, unafunga mlango. Makaa mekundu ndiyo yanayotoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na kukosekana kwa moshi hakumaanishi kitu. Dalili ya kwanza ni kichwa kuuma na usingizi mzito, na aliyelala hapati nafasi ya kuijua. Kila mwaka watu hufa hivyo katika nchi hii, familia nzima kitanda kimoja. Kwetu iliishia kwenye vichwa kuuma na kutapika, na bibi wa chumba cha pili aliyegonga mlango akisema, "Mwanangu, toa hicho kitu nje, mtalala moja kwa moja." Sigiri iwashwe nje, ipikie barazani, na ikishamaliza kazi ibaki nje, imwagiwe majivu au ifunikwe. Mvua ikipiga baraza, pika mlangoni, mlango na dirisha vikiwa wazi, mtoto akiwa mbali. Chumba cha baridi chenye blanketi kavu hakiui mtu.

Na kuhusu sweta: mtoto wa Kampala anahitaji nguo moja zaidi ya aliyovaa mama yake, basi. Ukimrundikia anatoka jasho, jasho linalowesha nguo ya ndani, na hapo ndipo anapopata baridi kweli. Gusa shingo yake nyuma. Ikiwa vuguvugu na kavu, yuko sawa. Vidole baridi si kipimo.

Mwanzoni mwa Oktoba wangu alikuwa ametimiza miezi sita, wakati wa kuanza chakula. Hapa Uganda ina kitu cha kujivunia, nacho ni kitobero. Kitengo cha lishe cha Mwanamugimu, hospitali ya Mulago, kimefundisha akina mama chakula hiki kwa miaka mingi. Ni mchanganyiko: sehemu mbili za chakula cha nguvu (matooke, viazi vitamu, posho yaani ugali), sehemu moja ya protini ya mmea (maharage mabichi yaliyomenywa ganda, au karanga zilizotwangwa), kiasi cha protini ya mnyama (unga wa mukene, yai, nyama ya kusaga), na dodo, yaani mchicha, iliyokatwa ndogo sana. Vyote vinafungwa kwenye jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke. Kwa mtoto wa miezi sita, viganja viwili vya matooke iliyokatwa, kimoja cha maharage, kijiko cha unga wa mukene na maji kidogo vinatosha. Vikiiva, piga kwa kijiko ndani ya jani hilo hilo, anza na vijiko viwili vitatu vya chakula kizito kisichomwagika kijikoni. Chumvi haihitajiki.

Kichwa kiliniuma kuhusu makaa: kitobero kinataka saa mbili au zaidi za mvuke. Jibu lilikuwa kwenye sufuria ya familia. Kifurushi cha mtoto kinakaa juu ya matooke ya wakubwa, chini ya majani yale yale, na vinaiva pamoja bila kutumia kaa moja la ziada. Maharage makavu ya familia yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, na yapikwe mara moja kwa siku mbili tu. Kwenye unyevu huu, bila friji, siku ya tatu yamechacha. Chakula cha mtoto kisilale kabisa.

Karanga na unga wa mahindi vinahitaji jicho kali zaidi msimu huu kuliko mwingine wowote. Ukungu unaoota kwenye nafaka iliyoshika unyevu hutoa sumu ya aflatoksini, inayodhuru ini, na kukaanga au kuchemsha hakuiondoi. Nunua karanga nzima, uchague mwenyewe, utupe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye uvundo, kisha utwange nyumbani. Karanga iliyokwisha kusagwa sokoni inaficha kila kitu. Unga nunua kilo mbili mbili. Mimi nilichukua kilo ishirini na tano kwa kufuata punguzo, na nusu yake ikaota ukungu, ikaliwa na kuku wa jirani, jambo ambalo sasa najua nalo halikuwa sahihi.

Oktoba pia ni mwezi wa siku za afya ya mtoto, kama Aprili. Vituo vya afya na vituo vya muda mitaani hutoa vitamini A bure: uniti 100,000 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11, na 200,000 kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya mitano. Dawa ya minyoo inaanzia mwaka mmoja. Beba kadi ya mtoto, hata kama imelowa. Kadi yangu ililowa mpaka wino ukaenea, nikapoteza nusu siku kutafuta rekodi. Tangu hapo inakaa ndani ya kaveera mbili. Uliza pia chanjo ya malaria. Ilianza kutolewa Uganda Aprili 2025 katika wilaya 105, dozi nne: miezi 6, 7, 8 na 18. Wilaya yako ikiwamo, usisubiri.

Neti ndiyo inayofuata. Mpya itundike kivulini siku nzima kabla ya kuitumia, ili ukali wa dawa yake usoni upungue kidogo. Ichomekwe chini ya godoro pande zote kabla giza halijaingia, si wakati wa kulala, kwa sababu mtoto analala saa moja na mbu wanamjia. Ifuliwe si zaidi ya mara moja kwa miezi mitatu, kwa sabuni laini, na ikaushwe kivulini. Jua kali na sabuni kali vinaua dawa. Mapipa ya maji ya mvua yafunikwe, na makopo yenye maji yamwagwe kila wiki, maana yai la mbu linahitaji siku saba hadi kumi hivi kuwa mbu kamili.

Homa ikija, kipimo cha malaria kwanza. Dawa bila kipimo ni kosa la mtaa mzima. Wahudumu wa afya wa kijiji, VHT, wana vipimo vya kidole na dawa za watoto chini ya miaka mitano, bure, mradi hazijaisha. Wenye duka la dawa wanakuuzia tu. Dawa ya mseto kwa mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 ni kidonge kimoja, kisha kingine baada ya saa 8, halafu asubuhi na jioni kwa siku mbili: sita kwa jumla. Apewe pamoja na maziwa ya mama au uji wenye karanga, kwa sababu mafuta husaidia dawa kuingia mwilini. Akitapika ndani ya saa moja, rudia dozi hiyo. Wengi husimama siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka, na wiki mbili baadaye wako pale pale. Degedege, kushindwa kunyonya, kutapika kila kitu au kulegea na kutoamka vizuri: hapo VHT hatoshi, panda boda uende kituo cha afya III au IV usiku huo huo. Elfu kumi za boda ziwe zimefungwa kwenye kona ya kanga kuanzia Septemba. Zisiguswe kwa sukari.

Kikohozi kinatisha zaidi ya kinavyostahili, mpaka pale kinapostahili. Kipimo ni pumzi. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, funua kifua, weka simu kwenye saa, hesabu dakika nzima. Kuanzia 60 kwa mtoto chini ya miezi miwili, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, hiyo ni pumzi ya haraka na huenda ni nimonia. Ngozi chini ya mbavu ikizama kila anapovuta hewa, usihesabu tena, nenda. Dawa za kikohozi za chupa sikuona faida yake; pesa nilizotumia kwazo zingenunua napi kumi.

Novemba Waganda wanaiita Musenene, mwezi wa nsenene, panzi wale wa kijani wanaomiminika kwenye taa usiku. Zamani wanawake waliwakusanya na kuwachambua bila kula, mume akilipa kwa gomesi mpya, vazi la heshima la wanawake wa Kiganda. Siku hizi tunakula, na gomesi hatuzioni. Kwa mtoto wa chekechea, hakikisha miguu na mabawa yote yametolewa, na mpe wachache kwanza uone kama midomo inavimba, kwa sababu wapo wanaodhuriwa nao. Mdogo asiyetafuna asipewe kabisa; ni rahisi kupaliwa.

Ni mwezi huo mafuriko ya bondeni hufika. Mitaro ya Nsooba na Lubigi inajaa, vyoo vya shimo vinafurika, na maji ya mlangoni si tope tupu. Maji ya kunywa yachemke kabisa kwa dakika moja yakitokota, hata yale ya mvua, na mvua ya kwanza baada ya siku kavu iachwe ioshe bati dakika kumi kabla hujatega jerikeni. Ndani mwetu kuhara kulikuja siku mbili baada ya maji kupita. Pakiti moja ya ORS, chumvichumvi za kurudisha maji mwilini, inaingia kwenye lita moja kamili ya maji salama. Chupa mbili za nusu lita ndizo kipimo rahisi. Ukitia maji machache chumvi inazidi, nalo ni kosa la hatari kwa mtoto. Usipokuwa na pakiti: vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu, lita moja. Mpe kwa kijiko, kidogo kidogo, na kunyonya kuendelee. Omba na vidonge vya zinki: miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, nusu yake kwa aliye chini ya miezi sita. Watu huacha zinki kuhara kukikoma. Malizeni.

Desemba mvua inakata. Toa godoro nje siku tatu mfululizo, uligeuze mchana, na upige kuta kwa brashi na jiki iliyochanganywa na maji, dirisha likiwa wazi na watoto kwa jirani. Ndipo mtoto wangu mdogo alipokaribia miezi tisa, na hiyo ni tarehe ya chanjo ya surua. Tulikwenda na kadi ndani ya kaveera zake mbili, jua likituwakia, napi ishirini na nne zote kambani.